Kitambaa cha Nusu Msiba

Wanga wa muhogo ulikuwa umeshika vizuri. Hermine Landveld alichovya kitambaa cha mwisho, akakikamua, akakitandaza juu ya meza ya jikoni na kukipiga pasi kingali na unyevu, maana kikishakauka ni kazi bure. Vitatu vingine vilikuwa vimeegemea birika, vigumu kama kadibodi: cha machungwa, cha kijani na chekundu chenye maua. Vyote vya furaha. Alikuwa ameambiwa tangazo la kahawa analokwenda kusaidia ni la Keti Koti, siku ya kwanza ya Julai, siku minyororo ya utumwa ilipokatwa, na siku hiyo mwanamke wa Kisuriname havai huzuni kichwani.

Hapa Bijlmer, mtaa wa Wasuriname wengi, hakuna asiyemjua Hermine. Siku za kazi anapika katika nyumba ya wazee, na Jumamosi anawafunga wenzake angisa, vitambaa vya kichwani. Angisa ni kama kanga, ila maneno yake hayaandikwi, yanakunjwa. Kuna mkunjo unaosema nisubiri pale pembeni, na kuna unaosema waache waseme. Yupo mama mmoja wa jengo la pili aliyevunja uchumba kwa kitambaa tu, bila kufungua mdomo. Hermine anajua mikunjo arobaini na mmoja. Mwenyewe atakwambia arobaini na miwili, lakini huo mmoja aliubuni yeye na hakuna anayeuelewa.

Rushelda, binti wa marehemu kaka yake, alikuja kumchukua saa mbili. Hermine alimlea tangu ana miaka tisa, na mpaka leo humkagua shingo kama ameoga. Msichana huyo alikuwa na miezi mitano katika kampuni ya matangazo, na mkataba wake ulikuwa unaisha Ijumaa. Kwenye ghorofa nzima mweusi ni yeye peke yake, kwa hiyo mteja wao mmoja, kampuni ya kahawa, alipotaka mtu halisi wa jamii, vichwa vyote vilimgeukia. Akamtaja shangazi yake.

Ndani ya treni ya metro Rushelda alipakata mfuko wa vitambaa kama mtoto mchanga.

"Shangazi, leo nakuomba. Ukiona kitu hakijakaa sawa, niambie mimi kwanza."

"Kwani mimi mgomvi?"

"Shangazi."

"Haya. Nimekuwa bubu."

Studio ilikuwa ghala la zamani ng'ambo ya maji. Joost, bosi wa Rushelda, aliwapokea kwa mikono miwili, akammwagia Hermine sifa, akamletea kiti na keki ya tufaha. Hermine alimpenda papo hapo. Keki ilikuwa na mdalasini wa kutosha, na mtu anayekupa keki kama ile si mtu mbaya. Kisha Joost akafungua sanduku, akatoa kitambaa walichokwisha kukichagua wenyewe: cheupe, chenye vijiua vya buluu. Rangi za kampuni ya kahawa.

Hermine alikishika, akakigeuza, akamtazama Rushelda. Rushelda akatazama viatu vyake.

Bubu akasema. Aliwaeleza taratibu kwamba buluu na nyeupe ni rangi za nusu msiba: umeshalia, umeshazika, lakini hujarudi bado kwenye ngoma. Mwanamke akikivaa hicho, watu hupunguza sauti wanapompita. Na picha waliyoitaka ilikuwa ya binti anayecheka, kikombe mkononi, siku ya uhuru. Akawaonyesha vyake vinne. Akawaambia wachukue chochote wanachokipenda, hata cha kijani, ingawa cha kijani pasi yake haikumridhisha.

Joost alisikiliza hadi mwisho, na macho yalimlainika kweli. Akasema hiyo ndiyo hadithi nzuri kuliko zote alizosikia mwaka huu. Lakini rangi zilishapitishwa, mabango yalishapangwa kuanzia vituo vya Zuidoost, upande wa Bijlmer, na mteja habadiliki.

"Bi Landveld, usijali," akasema. "Hakuna atakayejua."

"Nani huyo hakuna?" Hermine akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua. Bango lingekaa kituo kile anachoshukia kila siku, na wanaoshuka naye ni mama wa jengo la pili, na wazee anaowapikia, na kwaya nzima ya kanisa. Joost alitabasamu, akatazama saa, akasema mwanga unawaacha.

Hermine alimfunga binti wa picha, msichana mpole wa Rotterdam mwenye shingo ndefu. Alimfunga vizuri, kwa sababu mikono yake haijui kufunga vibaya, na kwa sababu ya Ijumaa. Binti akacheka, kamera zikalia, na Hermine akaona mjane anayechekea kikombe.

Baada ya picha Joost akaleta karatasi. Ilisema kwamba tangazo limekaguliwa na mshauri wa jamii, naye ameridhika. Chini palikuwa na mstari wa jina. Hapo ndipo Hermine alipoelewa alichoitiwa. Aliishika kalamu, akamfikiria Rushelda akirudi kutafuta kazi, akaandika H.

Mkono wa Rushelda ukatua juu ya karatasi.

"Usisaini, shangazi."

"Niache mwanangu. Ni jina tu."

"Ni jina lako." Akamgeukia bosi wake. "Ameshakwambia ni kitambaa cha msiba. Mimi ndiye niliyemleta, na mimi nakwambia tena."

Joost hakukasirika, na ungetamani angekasirika. Alisema anauheshimu msimamo huo, na kwamba wao wawili wataongea Ijumaa. Akaenda kuchapisha karatasi nyingine.

Hermine na Rushelda walikusanya vitambaa bila haraka, kwa kuwa vya wanga havitaki kukunjwa ovyo. Rushelda alilia kidogo chooni, akanawa. Waliposhuka langoni, mlinzi, Bwana Amponsah, Mghana wa makamo mwenye miwani ya kusomea, alikuwa na furaha iliyomzidi kimo. Akawaambia bosi ameshuka mwenyewe kumwomba asaini kama mtu wa jamii. Miaka sita yuko pale langoni, leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa maoni.

"Na mimi nimo kwenye tangazo lenu, mama," akasema.

Rushelda akafumba macho. Hermine angeweza kumkaripia, lakini uso ule ulikuwa unang'aa mno. Akamuuliza kama ameiona picha. Hakuwa ameonyeshwa. Akamweleza basi: kitambaa, rangi, kicheko, Keti Koti.

Bwana Amponsah akavua miwani. Kwao Kumasi msiba una nguo zake, nyekundu na nyeusi, na mtu hazivai akaenda nazo arusini. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Kwa hiyo nimesema wajane wacheke."

"Hukujua, baba."

"Sikujua, lakini jina nimeliandika lote, mpaka la ubatizo." Akasimama, akafunga kifungo cha koti. Mlinzi haruhusiwi kuacha lango hata kwenda haja kabla hajapata wa kumshikia, imeandikwa ukutani. Akamkabidhi Hermine funguo, akaanza kupanda ngazi.

Hermine akakaa kwenye kiti chake, mfuko wa vitambaa magotini, Rushelda amesimama kando. Hazikupita dakika tano kengele ikalia. Nje walisimama watu watatu wa kampuni ya kahawa, wamevaa makoti mazuri, wamekuja kuona picha zao. Wakamwonyesha vitambulisho kupitia kioo.

"Subirini," Hermine akawaambia. "Mwenye lango amepanda juu. Amefuata jina lake."