Somo la Jana

Madam Demetria hakuwa mwongo, ila siku ya mkaguzi alifanya kama walimu wenzake wote pale Gongo la Mboto: alirudia somo la jana. Watoto wameshalizoea, wanajibu bila kigugumizi, mkaguzi anaridhika, kila mtu anakwenda zake kunywa chai. Safari hii alilihitaji hasa. Mkuu wa shule alishamwambia bila kumung'unya maneno kwamba mkaguzi asiporidhika, hisabati ya kidato cha kwanza atapewa mtu mwingine. Na Demetria aliwapenda wale watoto, jamani, pamoja na kelele zao zote.

Basi akaandika ubaoni nusu kugawanya kwa robo, akaeleza kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi. Alipouliza swali mikono ilijaa hewani, majibu yakatoka sawasawa. Mkaguzi, mzee Kamugisha, alikuwa dawati la nyuma, ametulia. Demetria akauliza kama wameelewa, na darasa zima likaitikia kwa pamoja kwamba limeelewa.

Hapo Somoe akasimama.

"Samahani, madam. Jana ulipofundisha hili sikuelewa, nikaona aibu kusema. Leo umeturudishia, asante sana. Ila mie bado sijaelewa."

Demetria akamwangalia mkaguzi kule nyuma. Kazi imekwisha, na aliyeimaliza anamshukuru.

Mzee Kamugisha akavua miwani. "Nani mwingine hakuelewa jana?"

Mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja kwa woga, hata ya wale waliotoka kujibu vizuri. Demetria akaiangalia, akaona potelea mbali. Akafuta ubao na kukiweka Kiingereza kando.

"Somoe, dukani kwenu imebaki nusu kilo ya sukari. Wateja wanataka robo robo. Utawauzia wangapi?"

"Wawili, madam."

"Haya, nusu ukiigawanya kwa robo?"

Somoe akahesabu kimoyomoyo, midomo ikimchezacheza. "Mbili? Kumbe ndo hivyo tu?"

Darasa likaangua kicheko, na hakuna aliyekuwa anamcheka yeye.

Nje, mzee Kamugisha akasimama barazani. "Mwalimu, somo la jana naletewa kila shule. Mtoto anayesema hajaelewa, muhula huu nimempata kwako tu. Baki nao."



"Shikamoo, mzee," Demetria akasema kwa furaha, akisahau kwamba asubuhi walishaamkiana.

"Marahaba, mwanangu," akajibu mzee. "Rudi darasani, bado wanakusubiri."