Swingi ya Mama Goodness

Kwa miaka kumi na moja Dastan na Salvatory waligombania jambo moja tu, na Elina, mke wa Dastan, aliyajua maneno yao yote kwa moyo.

Wanaume hao walikuwa kedi katika klabu moja ya gofu Dar es Salaam, wakibeba mifuko ya fimbo za wachezaji tangu ujana hadi mvi zilipowaota. Waliporudi kwao Ngulyati kulima pamba, kila mmoja alirudi na mchezaji wake kichwani. Salvatory aliapa kwamba duniani hapajatokea swingi kama ya Kanali Masunga: akizungusha fimbo, mpira ulilia hewani ukapotea, kedi akautafuta mpaka miguu ikamuuma. Dastan alimcheka. Kwake, swingi bora ya nyakati zote ilikuwa ya Mama Goodness, mwenye duka la dawa, mwanamke mfupi aliyecheza kila Jumatano.

"Kupiga mbali si kazi, hata ng'ombe akirusha teke anapiga mbali," Dastan alikuwa akisema. "Swingi ni kurudia. Awe anaongoza, awe anashindwa, jua au upepo, mkono wa Mama Goodness ulipanda vilevile na kushuka vilevile."

"Hata pangaboi linarudia," Salvatory alikuwa akimjibu. "Umewahi kulipigia makofi?"

Elina alichambua pamba akicheka.

Mwezi wa tano, Dastan alianguka akifunga kamba za viatu. Hospitalini Bariadi wakasema ni kiharusi. Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili, mkono wa kulia unaning'inia, ulimi mzito. Winnie, binti wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, alikuwa amemwagiza aunyanyue mkono ule mara thelathini asubuhi na thelathini jioni. Dastan hakuunyanyua hata mara moja. Alikaa uani, uso ameuelekeza ukutani, na akikumbushwa mazoezi alifumba macho.

Salvatory alifika kila siku. "Mwadila, mayu," alimsalimu Elina kwa Kisukuma, akimwita mama, kisha akakaa na rafiki yake, akimweleza habari za mvua na mifugo bila kujibiwa. Siku moja akamshika bega, akasema kwa sauti ya msibani, "Dastan, nimefikiri sana. Ulikuwa sahihi. Mama Goodness ndiye bora."

Dastan aligeuza uso. Elina aliliona chozi likishuka shavuni. Siku hiyo mumewe hakula.

Elina alikosa raha mpaka alipofahamu: mume wake alikuwa amepewa ushindi kama mtu anavyopewa uji wa mgonjwa. Kesho yake akamfuata Salvatory shambani kwake.

"Shemeji, rudisha maneno yako."

"Yapi, mayu?"

"Ya Mama Goodness. Umemzika mume wangu akiwa hai."

Salvatory akainamisha kichwa. "Nilitaka kumfurahisha."

"Njoo ugombane naye."

"Na presha ikipanda?"

"Hata mimi naogopa," Elina alisema. "Lakini kukaa vile ndiko kunakommaliza. Njoo. Nitakuwa pembeni yake."

Jioni hiyo Salvatory aliingia uani bila hata salamu. "Nimeghairi. Yule mama hakuwa na swingi. Alikuwa anafagia. Tena alikuwa anakunja kiwiko."

Midomo ya Dastan ikachezacheza. "Mu... mwongo!"

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku nne.

"Alikunja! Nilikuwa nyuma yake."

"Wewe... ulikuwa vichakani. Una... unatafuta mpira wa Kanali!"

Elina akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Dastan alikuwa ananyoosha kidole nyuma ya mlango, ilikosimama fimbo yake kuukuu ya chuma. Elina akamletea, akamsimamisha, akamshika mkanda kwa nyuma. Kwa mkono wa kushoto Dastan aliuinua ule wa kulia, akauweka kwenye fimbo, akavikunja vidole kimoja kimoja.

"Tazama," alisema.

Mikono ikapanda hadi kiunoni, ikatetemeka, ikafika kifuani. Ikashuka. Fimbo ikagusa gunzi la hindi lililokuwa chini, nalo likaviringika hatua tatu.

"Mbaya," Salvatory alisema. "Sijaona mbaya kama hiyo." Lakini aligeuka haraka kuwatazama mbuzi.

"Hiyo ya... kwanza. Subiri. Angalia kiwiko."

Alipiga mpaka jasho likamtiririka, akikosea, akilaani, akianza upya. Elina alihesabu moyoni. Hesabu ilipita thelathini, naye hakumwambia.

Mwezi wa nane walirudi kliniki wote watatu. Dastan alipounyanyua mkono mpaka begani, Winnie akaacha kuandika.

"Mzee, umefanya zoezi gani?"

Dastan akamsimamisha, akampa rula ya mezani, akampanga vidole. "Usikaze. Shika kama umeshika kifaranga. Hivyo ndivyo Mama Goodness alivyoshika, swingi bora kuliko zote."

"Kuliko zote kabisa?" Winnie aliuliza.

Salvatory, aliyekuwa kwenye benchi la nje, akainuka na kuingia bila kuitwa. Elina akatoka, akakaa pale alipotoka Salvatory, akamsogelea mama aliyefuata kwenye foleni.

"Mayu," alimwambia, "kama umekuja na chakula, kula tu. Humo ndani hawatoki sasa hivi."