Mgebuka wa Kwanza

Mimi na wifi yangu Hadija tulipima hasara zote za kufungua mgahawa Bangwe kabla sijanunua hata sufuria. Kodi, mkaa kupanda bei, mvua kufukuza wateja, jirani mwenye roho mbaya. Hadija akianza kutaja balaa hana breki. Moja tu hakuigusa, nami nikanyamaza: nitauzaje samaki wa ziwa ambalo kaka yake, mume wangu Khamisi, bado yumo?

Alikwenda kuvua dagaa, mtumbwi ukarudi mtupu. Katika ukoo wao, mtu akipotelea majini, samaki hawaliwi mpaka apatikane; anayekula kabla amekwisha kumhesabu marehemu. Wanaogopa kumla aliyemla mtu wao. Kwa miaka mitatu sikuonja samaki, na eda sikukaa, maana mama mkwe hakutaka Khamisi aitwe marehemu. Kila jioni alimwekea sahani, akaifunika. Asubuhi niliifunua mimi.

Kupika si kula, nilijiambia.

Siku ya kufungua nikaunga migebuka, samaki wa ziwa letu, kwa mawese. Ile harufu ilinirudisha jikoni kwetu, nikahisi kuna mtu nyuma yangu anasubiri chakula kiive. Niligeuka mara nyingi hadi nikajikasirikia. Mama mkwe alikaa kwenye kona na maharage yake, akiuangalia ukuta.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Telesphory, Muha wa Kasulu, na wenzake wawili. Nikawapakulia samaki. Hakuna aliyegusa.

"Anza wewe, mama," mzee akasema.

Hapo nikakumbuka. Kwao mwenye chakula huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ajue hakuna sumu. Nimekulia hapa hapa, na katika hesabu zetu zote jambo hilo halikunijia.

"Mimi na samaki hatupatani, mzee."

"Unapika usichokula?"

Wenzake wakasukuma sahani zao. Nisingeonja, kabla ya adhuhuri Bangwe nzima ingesema Mwanamvua anatilia watu sumu, na mgahawa ungekufa siku ile ile.

Nikamega, nikatafuna. Alikuwa mtamu. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba bado ni mtamu na Khamisi hayupo.

Mama mkwe akaja taratibu mpaka mbele yangu.

"Umemeza?"

"Nimemeza, mama."

"Basi mwanangu amekufa."

Hakulia. Akanifungua aproni kwa mikono yake. "Nenda chumba cha nyuma. Eda yako inaanza leo."

"Na mgahawa, mama?"

Akanionyesha mlango wa nyuma. Nikaenda kukaa kwenye mkeka, nikilia kwa huzuni na kwa hasira pia, nikingoja kusikia milango ikifungwa. Badala yake nikasikia mteja mwingine akiingia na kuagiza mgebuka. Sufuria ikafunuliwa. Nikasogea mlangoni, nikasikia mtu akitafuna.

Kisha sauti ya mama mkwe, kavu: "Chumvi imekaa sawa. Kula, baba."