Msumari wa Bondeni

Mimi huwa siulizi kitu kinafanywaje. Naangalia mara moja tu, kichwa kinamalizia. Fizikia niliongoza darasa zima, na mwalimu mwenyewe alisema maji, joto na uzito vikiniona vinanipa shikamoo. Kwa hiyo shangazi aliponiambia nichague kitu cha kuezekea banda la kuku, nilicheka. Banda lenyewe ukubwa wa kabati la vyombo.

"Usicheke," akasema. "Ugonjwa umenibakizia mtetea mmoja, na huyo anaatamia mayai kumi na moja. Ndiyo mbegu yangu hiyo. Mvua ikimfikia, sina pa kuanzia tena."

Nikalipima jambo kisomi. Nyasi: panya wangehamia na ukoo mzima. Turubai: jua la miezi miwili tu linalichana, na upepo ukilipigapiga kuku hapati usingizi. Bati: mvua ikinyesha lina kelele, lakini halipitishi tone. Nikachagua bati. Hapo, naomba nieleweke, sikukosea.

Kipande nilipewa na fundi paa wa nyumba ya nyuma, mzee tunayemwita Taratibu kwa sababu hata kupiga chafya hujipanga kwanza. Shangazi alikuwa ameshamwahidi kazi ya paa la jiko. Mzee alinikabidhi bati, misumari saba yenye kofia na vipira saba vya kuivalisha, akaanza kunieleza.

"Sasa kijana, msumari wa bati una mahali pake. Ukiangalia haya mawimbi..."

"Mzee wangu, ukimaliza kueleza, hayo mayai yatakuwa majogoo."

Akacheka. "Haya, msomi. Nije nikupigie?"

"Pumzika, fundi. Misumari yenyewe saba tu."

Nikaazima stuli kwa dada mshonaji, ambaye dirisha la chumba chake cha cherehani linatazamana na banda letu, nikapanda. Bati la mawimbi lina migongo na mabonde. Ukipiga msumari mgongoni, chini pana uwazi, bati linabonyea. Bondeni limelala juu ya mbao, limetulia, msumari unaingia kama kwenye sabuni. Nikaipiga yote saba bondeni. Vipira nikavitia mfukoni; niliona ni urembo tu.

"Umeshamaliza?" mshonaji akauliza pale dirishani.

"Dada, Taratibu angekuwa bado anatafuta nyundo."

Mvua ilikuja siku ya kumi na nane ya kuatamia, zimebaki tatu. Ilinyesha asubuhi nzima. Maji yakapita mahali ambapo maji ya bati hupita siku zote, bondeni, na huko yakakuta nimeyatobolea njia. Jambo la mtoto wa darasa la tatu.

Shangazi alipofungua banda, mtetea alikuwa amesimama pembeni, manyoya yamemganda mwilini. Majani ya kiota yalikuwa chapachapa. Shangazi akachukua yai moja moja akaliweka shavuni kutafuta joto. Mimi na fizikia yangu sikujua yai hupimwa hivyo. Akafika la kumi na moja, akalirudisha polepole, kana kwamba bado linaweza kuvunjika moyo.

Akainua macho. Kila msumari ulikuwa unadondosha tone, unapumzika, unadondosha lingine.

"Nani alipiga hii?"

Jibu sahihi lilikuwa na herufi nne. Nikatoa la herufi tano.

"Fundi."

"Taratibu?"

"Ndiyo, shangazi. Nilimwambia, lakini wazee hawa nao..."

Sikumalizia. Ilitosha. Shangazi hakupaza sauti. Alifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Na mimi nilitaka kumwachia paa la jiko," akaenda kumwita.

Mzee akaja na mwendo wake ule ule. Akapitisha kidole bondeni, kikagota kwenye msumari wa kwanza. Akaenda wa pili, wa tatu. Kisha akanitazama, muda mfupi tu, nikajua ameshasoma kila kitu. Mfukoni nilikuwa nimevikamata vipira saba.

"Fundi, hii ndiyo kazi yako?" shangazi akauliza.

Mzee akakohoa kidogo. "Bati lilitoka kwangu, mama. Nitaling'oa leo nilipige upya. La jiko, kama moyo umesita, tafuta mwingine. Sitalaumu."

Pale ndipo nilipaswa kusema. Badala yake nikavisukuma vipira chini zaidi mfukoni.

Cherehani ikanyamaza.

"Samahani, mama," mshonaji akasema kutoka dirishani, sindano mdomoni. "Kabla hujatafuta mwingine, mwambie mpigaji wako anirudishie stuli yangu. Aliniahidi jioni ile ile."

"Mpigaji gani?"

"Si huyo hapo. Aliniambia Taratibu angekuwa bado anatafuta nyundo."

Stuli ilikuwa palepale nilipoiacha, chini ya upenu wa jiko, mguu mmoja umefungwa uzi mwekundu, juu yake zimekauka alama mbili za ndala zenye tope. Fundi hakuitazama, alikuwa anashughulika na msumari. Shangazi ndiye aliyeitazama, kwa muda mrefu, kisha akashusha macho taratibu mpaka kwenye ndala zangu.