Mizinga Kumi na Minane

Tangu lori la operesheni ya serikali ya kuhamisha watu liwashushe katika kijiji kipya upande wa Isikizya, Benedikta hakukaa akatulia. Alihamisha mafiga mara tatu katika wiki moja. Alianza kusuka mkeka akauacha, akaenda kisimani bila ndoo, akarudi. Majirani walidhani anakumbuka alikotoka. Haikuwa hivyo. Huko msituni, mwendo wa saa tatu kwa miguu, mizinga kumi na minane ya marehemu mumewe, Masele, ilikuwa bado mitini, imejaa asali ya Juni, na hapakuwa na mtu wa kuirina.

Masele alikufa mwaka juzi. Tawi la mninga lilikatika naye, Benedikta akiwa chini ameshika kienge cha moshi. Tangu siku ile, chochote kilichomwinua juu ya ardhi kilimtia hofu. Nyumba yake mpya ilipoezekwa, alishindwa hata kupanda ngazi kupokeza nyasi. Alisimama kando akijifanya anatafuta kamba.

Ndipo akaja Lukumani, mdogo wake Masele. Chama cha wafuga nyuki cha kijiji kilikuwa kinaandikisha wanachama.

"Shemeji," alisema walipokwisha kusalimiana, "mizinga ya kaka nitaiandikisha kwa jina langu. Nawe uhamie uani kwangu, ukae na wake zangu. Hutakosa chakula."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Benedikta aliiona miaka yake iliyobaki, labda thelathini, akiomba chumvi katika ua wa mtu.

"Mizinga ni yangu," alijikuta akisema. "Nitairina mwenyewe."

"Ngazi ya kuezekea ilikushinda. Nilikuona."

"Mkutano wa chama ni lini?"

"Jumamosi," alisema Lukumani, akaondoka akitikisa kichwa.

Siku tatu zilizofuata Benedikta alipanda ngazi ile kila asubuhi. Vipandio viwili siku ya kwanza, akatapika. Vitatu siku ya pili. Siku ya tatu alifika vinne, akakaa pale akiwa amefumba macho hadi mikono ikafa ganzi. Ijumaa alfajiri alimgongea wifi yake Minza, dada yao Masele na Lukumani.

"Nisindikize msituni."

Minza alitoka mara moja. Alijifunga kitenge, akachukua kamba na vilindo viwili, ndoo zile za magome ya mti.

Walifuata njia ya zamani ya misafara, wakapita katikati ya mahame yao, kuta zisizo na paa, mbigili zikiota mlangoni. Benedikta hakusimama. Alijua akisimama tu, atageuka. Aliupita pia ule mninga bila kuutazama, akachagua myombo wenye mzinga mmoja. Baridi ilikuwa bado imewalegeza nyuki.

Alipanda. Kimo cha watu wawili, miguu ikakataa. Ilijifunga kwenye shina kama si yake, na machozi yakamtoka bila sauti. Chini Minza alikuwa anapuliza kienge.

"Wifi, shuka basi. Hakuna anayejua kama tumekuja."

Benedikta alitazama chini, akaona kwamba kushuka nako kulikuwa mbali. Ardhi haikuwa karibu kuliko mzinga. Hofu haikumtoka, ila ilikuwa ileile upande wowote atakaokwenda. Akapeleka mkono juu, akashika tawi.

Hakuthubutu kurina kule kule juu kama wanaume. Aliufunga mzinga kamba, akaizungusha kwenye panda ya mti, akaukata mafungo yake na kuuteremsha polepole. Nyuki walimchoma kope, mdomo, shingo. Mwishoni kamba ilimponyoka ikamchuna viganja, mzinga ukaanguka, ukapasuka. Nusu ya asali ilimwagikia majanini. Waliokoa iliyobaki, ikajaa kilindo kimoja na kidogo cha pili.

Jumamosi alifika mkutanoni, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Katibu aliinua kalamu.

"Mizinga ya marehemu Masele, tuandike kwa jina la nani?"

Wazee waligeuka kumtazama Lukumani. Lukumani alikuwa anatazama viganja vya shemeji yake.

"Muulizeni mwenyewe," alisema.

"Benedikta Limbu," alisema Benedikta. "Ilikuwa kumi na minane. Mmoja nimeupasua jana, andika kumi na saba."

Mzee mmoja alicheka, mwingine akanung'unika kuhusu wanawake na miti. Katibu aliandika.

Watu walipotawanyika, Lukumani alimfuata.

"Minza kaniambia uliuteremsha kwa kamba. Kamba ile ilizungushwa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ndiyo maana imekuponyoka. Zungusha mara mbili. Ukienda tena, nitakuja kukushikia kamba chini."

"Nakwenda Jumatatu," alisema Benedikta. Moyo ulimwenda mbio kwa kuitaja siku tu, lakini alikwisha kuitaja.