Nani Huyu Mamarudia?

“Dada, marejeo mia moja arobaini na mawili nimeyafunga kamba, yote yamo mkononi mwangu. Likiponyoka hata moja, kuanzia leo niite mbuzi na unifunge uani.”

Hivyo ndivyo alivyotamba Fundi Mabano saa sita mchana, miguu juu ya kiti cha pili, kompyuta ya mpakato juu ya mapaja. Jina hilo alijipa mwenyewe, kwa kuwa wengine walichelewa kumpa. Alikuwa amemaliza sekondari, mtihani ukamwambia asante kwa kushiriki, naye akajifungia na kompyuta mpaka ikamzoea. Sasa alikuwa akimpangia dada yake tasnifu.

Dada ni muuguzi. Alikuwa ameandika kurasa tisini kuhusu namna ya kuosha vidonda, na kurasa hizo zilitakiwa zifike kwa msajili kabla ya saa kumi alasiri, zikiwa na saini ya msimamizi wake. Saa kumi ikipita, angoje mwaka mzima. Na mwaka mmoja alikuwa ameshaungoja, mtoto wake wa pili alipozaliwa.

Watu wengine huandika kwenye programu yenye vitufe vingi kama kabati la duka la vipodozi. Fundi aliandika kwenye kihariri kitupu: kioo cheusi, herufi za kijani, kipanya amekitupa kwenye droo. Palipohitaji chanzo hakuandika jina la mtu wala mwaka. Aliweka alama ya @ na jina la utani la kitabu, basi. Katika faili la pili, ambalo yeye aliliita daftari, kila jina la utani lilikuwa na maelezo yake kamili: mwandishi, mwaka, mchapishaji. Akibonyeza vitufe viwili, kihariri kinakwenda daftarini, kinarudi na majina ya heshima, kinayapachika mahali pake, na mwishoni kinapanga orodha kwa alfabeti bila kunung’unika.

“Kwa nini majina ya utani lakini?” dada aliwahi kumuuliza.

“Waandishi sita wana jina moja la ukoo, dada. Nitawatofautishaje? Huyu mwenye sentensi ya nusu ukurasa ni domorefu1998. Huyu asiyekubali kitu ni mbishi2013.”

Na msimamizi wa dada, profesa aliyekuwa akirudisha kila sura na neno moja la wino mwekundu, Rudia, alikuwa mamarudia2009. Hilo lilitoka kwa dada mwenyewe, siku aliyoingia nyumbani na sura ya pili mkononi na machozi machoni.

Majigambo hayajapoa, dada akakumbuka mwongozo mmoja wa hospitali alioutaja ndani ya tasnifu lakini haumo daftarini. Fundi akauingiza kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa na kikombe cha chai. Akabonyeza. Kihariri kikatoa mstari mrefu wa onyo, naye akaufuta kama anayefukuza nzi. Akazitoa kurasa kwenye printa.

“Umeipitia?” dada akauliza, viatu tayari mguuni.

“Wewe unaosha kidonda kilichokwisha kupona?”

Saa tisa na dakika kumi walikuwa ofisini kwa profesa. Chumba chembamba, vitabu vimepanda mpaka juu ya kabati la chuma, feni inazunguka inapojisikia.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Kaeni.”

Profesa alivaa miwani, akauweka pembeni ukurasa wa saini, akaanza kupekua. Ukurasa wa kumi na mbili. Wa kumi na tatu. Kwenye wa kumi na nne mkono ukasita.

“‘Kwa mujibu wa mamarudia2009,’” akasoma polepole, kama anayesoma karatasi ya dawa, “‘kidonda kisifunikwe kabla ya kukaguliwa.’ Na hapa pana alama ya kuuliza, nene kabisa.” Akavua miwani. “Maneno haya nayafahamu. Niliyaandika mimi. Nani huyu mamarudia?”

Dada akaangalia feni. Fundi akavuta kurasa upande wake, akazipekua haraka. Majina ya utani yametoka nje uchi, hayakuvalishwa chochote: domorefu, mbishi, mamarudia kumi na saba. Orodha ya mwisho ilikuwa na vitabu vitatu tu.

“Ni kauchafu kadogo, Mwalimu,” akasema, mpakato ukiwa umeshafunguka magotini. “Nipe dakika kumi.”

“Ni saa tisa na robo,” dada akasema. “Mdogo wangu, mwaka mzima.”

Hakuhitaji kutafuta sana. Daftarini kila chanzo hufunguliwa kwa bano na kufungwa kwa bano, na ule mwongozo wa hospitali aliufungua akauacha wazi. Kihariri, kwa utiifu wake, kikadhani kila kilichofuata ni maelezo ya mwongozo uleule, kikameza vyanzo mia moja thelathini na tisa kwa mpigo. Fundi Mabano, kaangushwa na bano! Akaligonga mahali pake. Akabonyeza. Safari hii akapitia kila ukurasa, kidole juu ya kioo, mpaka macho yakamwasha. Mamarudia sasa alikuwa amevaa jina lake kamili na mwaka, kote kumi na saba. Printa ya kona ikazitoa kurasa tisini kwa mwendo wa bibi harusi.

Saa kumi kasoro dakika kumi profesa alimaliza kukagua orodha. Kalamu ikashuka hadi kwenye mstari wa saini. Ikasimama.

“Kijana, hujanijibu. Mamarudia ni nini?”

Hapo mtu mwenye akili angesema samahani. Fundi alikuwa na akili zaidi ya hapo.

“Ni istilahi ya fani yetu, Mwalimu. Mama, yaani chanzo mama, kile kikuu. Rudia, kwa kuwa mwandishi anakirudia mara kwa mara. Chanzo mama kinachorudiwa. Ni heshima kubwa, hawapewi wote.”

“Ahaa. Dai zuri. Nani kasema?”

“Mwalimu?”

“Humu ndani kila dai lina chanzo. Wewe hilo umelipata wapi?”

Fundi akapekua kichwa chake, hakukuta kitu, akashika kilichokuwa karibu. “Kwa dada. Ndiye aliyenifundisha hilo neno.”

Profesa akageuza shingo. Chanzo kilikuwa kimekaa palepale, mkoba mapajani, kikitazama saa ya ukutani. Dakika saba.

“Mwalimu,” dada akasema, “neno nimempa mimi, ni kweli. Maana ameitunga mwenyewe, sasa hivi, mbele yako. Mamarudia ni wewe. Kwenye sura ya pili peke yake uliniandikia ‘Rudia’ mara thelathini na moja. Nilizihesabu. Nikalia, nikarudia, na sura ikanyooka. Naomba unisamehe.”

Feni ikazunguka mara moja, ikatulia. Profesa akaandika jina lake, akaweka saini na tarehe.

“Thelathini na mbili,” akasema. “Moja ilikuwa nyuma ya ukurasa. Haya kimbia, mwanangu. Msajili yuko ghorofa ya chini.”

Dada akazoa kurasa kifuani. Profesa akamgeukia Fundi, mikono ameikunja.

“Na wewe? Chanzo chako kimekukana.”

“Usimsikilize sana, Mwalimu. Huyu ametoka zamu ya wodini moja kwa moja, usingizi umemjaa, anachanganya mambo tu…”

“Niko likizo tangu Jumatatu!” dada akasema kutoka mlangoni, na viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi.