Treni Juu ya Magunia

Mume wangu Polikarp ana akili, ila ni akili ya mtu aliyeishi kwa mshahara maisha yake yote. Angekuwa mkulima, asingepima chumba mwezi wa pili.

Alipostaafu udereva wa treni tulirudi kwetu Ruhuwiko, hapa Songea, akanyamaza. Hatukuwa na ugomvi. Songea haina reli, basi akawa mtu wa kukaa tu, uji unapoa mbele yake. Niliogopa, nisiseme uongo. Nilidhani nitamzika hata nyumba hatujaipaka rangi.

Siku moja aliingia chumba cha nyuma na futi kamba, akatoka anaongea. Atajenga reli ya mbao, na treni ya kuvutwa na mota ya redio mbovu. Mita moja ya treni ya kweli iwe sentimita nne. Kwa kipimo hicho, kichwa cha treni kilikuwa kirefu kama mkono wangu, na kona zake zikataka chumba kizima.

"Na mahindi je, baba Rupert?"

"Yatakaa pembeni."

Pembeni! Mwezi wa saba kigari cha kirikuu kikashusha magunia ya mavuno mlangoni, na chumba hicho ndicho ghala letu. Aliking'ang'ania kwa sababu alikikuta kitupu, wakati kilikuwa kitupu kwa kuwa mahindi tulikuwa tumeyala.

Aling'oa reli mwenyewe, kimyakimya. Kesho yake uji ukapoa tena.

Hasira zikanipanda. Nikauburuta mlango wa zamani kutoka nyuma ya jiko, nikaupandisha juu ya magunia, nikamwita.

"Nafasi yako ni hii. Inaenea treni gani?"

Akautazama mlango. Akautazama sana.

"Ya sentimita moja kwa mita."

"Basi chonga."

"Tukianza kula mahindi haya?"

"Tutachota sawasawa huku na huku. Reli itashuka nawe utashuka nayo."

Akacheka. Nilikuwa nimeshasahau meno yake.

Jana treni ilizunguka mlango mzima, kichwa chake hakizidi kiganja changu. Polikarp akataja stesheni zake zote, Mlimba, Makambako, halafu akataja moja ambayo hajawahi kuitaja kazini.

"Songea," akasema. "Tunasimama kupakia mahindi."

Nikampelekea uji. Akaunywa ungali moto.